Jiwe Ndani ya Mvule

Kitanda kilikuwa kizuri, na uzuri wake ndio uliokuwa balaa.

Inspekta alikizunguka mara mbili. Kilikuwa cha mvule mtupu, miguu minne minene, na ubao wa kichwani ulichongwa ndege wawili kwa mkono wa mtu asiye fundi lakini mwenye subira. Ndege mmoja alikuwa mnene kuliko mwenzake. Katika barua aliyokuwa nayo mfukoni, mkuu wa kituo cha misitu alikuwa amekitaja kitanda hicho mara tatu na kukiita ushahidi wa wazi. Mvule mkubwa kuliko yote msituni, ule walioupa namba saba, umekatwa na kuchukuliwa. Kisiki kimegongwa alama ya nyundo ya mlinzi wa msitu. Na mlinzi mwenyewe, kumbe, analala juu ya mvule. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na Inspekta hakupenda faili linalojieleza kabla hajalifungua.

"Tukibebe, afande?" Koplo aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

"Tukiangalie kwanza."

Koplo akashusha pumzi, na mikono ya shati akaikunjua. Kituoni walimwita bosi wake Inspekta Kobe. Walimwita hivyo nyuma ya mgongo wake, naye alijua, wala hakuudhika, maana hajapata kumsikia kobe aliyegongana na mtu. Lakini leo hata kobe alikuwa akitazama saa. Ilikuwa Alhamisi. Kesho saa tatu asubuhi faili lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na mlinzi, aliyekuwa mahabusu siku ya sita sasa, angesomewa shtaka la kifungo cha miaka saba. Jumamosi mkewe alitakiwa awe ameihama nyumba, kwa kuwa nyumba ni ya kituo.

Mke wa mlinzi alikuwa ameshafungasha. Sufuria zilikaa ndani ya ndoo, nguo ndani ya mashuka yaliyofungwa mafundo makubwa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kuongea na mtu mmoja tu nyumbani.

"Kitanda umekiacha," Inspekta alisema.

"Kinataka watu wawili kukifungua, dada. Mmoja ashike, mwingine agonge. Na mimi niko peke yangu." Hakulalamika. Alieleza tu, kama anayemwelekeza mtu njia ya sokoni.

"Mlikipata wapi?"

"Ni tawi la huo huo mti wanaosema kauiba. Upepo ulilivunja mwaka tuliooana. Mkuu wa zamani, yule aliyestaafu, akamwambia mume wangu lichukue, ndiyo zawadi yangu ya arusi. Karatasi sina. Nani anaomba karatasi ya zawadi?"

Koplo aliandika. Maneno "karatasi hakuna" yana ubaya wake yakishakuwa kwenye daftari la polisi, na mwanamke aliyaona yakiandikwa.

"Picha ya arusi je?" Inspekta aliuliza.

Picha ilikuwa bado ukutani. Ndicho kitu pekee alichokuwa hajakifunga, na alipoishusha aliipangusa kwa upande wa khanga ingawa haikuwa na vumbi. Bibi arusi na bwana arusi walikuwa wameketi ukingoni mwa kitanda, wamejikaza kama watu wanaosubiri kuchomwa sindano. Nyuma yao, ndege wawili, mmoja mnene. Inspekta akaigeuza picha. Muhuri wa mpiga picha ulikuwa na tarehe ya miaka tisa iliyopita.

"Basi kitanda kimejitetea chenyewe," alisema. Halafu akairudisha machoni. "Mbona hapa ni cha njano?"

Mwanamke akacheka kidogo, na kwa mara ya kwanza akaonekana ni kijana. "Ndivyo mvule ulivyo, dada. Ukiwa mpya ni wa njano kama ndizi mbivu. Miezi miwili mitatu kwenye mwanga, unaanza kuwa kahawia. Mwaka ule wa kwanza nilitandika kitambaa hapa juu ya ubao wa kichwani. Nilipokuja kukitoa nikakuta mraba mzima wa njano. Nililia! Nilidhani nimekiharibu. Mume wangu akaniambia tulia, kitaiva chote."

Inspekta alipiga picha ile kwa simu yake, mbele na nyuma, akamrudishia mwenyewe.

"Kitanda kinabaki," alimwambia Koplo.

* * *

Ndani ya gari Inspekta aliirudia Jumatatu akilini. Mkuu wa kituo cha misitu alikuwa amempokea vizuri. Chai, biskuti, kiti laini. Aliisifu meza yake kabla ya kuisimulia kesi: pana, ya ubao mmoja tu usio na kiungo, urithi kutoka kwa baba mkwe, ina miaka thelathini na ushei. Kisha akaeleza, kwa masikitiko, jinsi mlinzi wake alivyomvunja moyo. Nyundo ya alama alikuwa nayo mlinzi siku zote. Mti unaoruhusiwa kukatwa hugongwa kwa nyundo hiyo, namba ikaingia kwenye kisiki na kwenye gogo, na gogo lisilo na namba hiyo ni la wizi. Kisiki cha namba saba kilikuwa na namba ya mlinzi. Wapimaji walikigundua wiki mbili zilizopita, huko ndani kabisa, lakini magugu yaliyokizunguka yalionyesha mti ulikatwa yapata miezi mitatu nyuma. Kalamu ya Inspekta ilikuwa imebingirika mezani alipokuwa akiandika, na mkuu akaidaka kwa adabu.

Walipofika kituoni, mlinzi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amevaa viatu visivyo na kamba. Alikuwa mfupi, mikono minene, kucha zenye weusi ambao siku sita za mahabusu hazikuutoa.

"Mke wangu amekula?" aliuliza kabla hajakaa.

"Sikumuuliza."

"Akiwa na mawazo huwa hali."

"Nyundo," Inspekta alisema.

"Niliirudisha, afande. Miezi mitatu iliyopita nilikwenda likizo siku kumi na mbili kumuuguza mama. Mlinzi akienda likizo, nyundo inafungiwa kwenye kabati la mkuu. Nilimkabidhi mkononi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yake."

"Hilo halitusaidii."

"Najua." Akatazama viganja vyake. "Siku sita ninajua."

Inspekta akafunga daftari. Koplo, aliyemzoea, akalifungua lake, maana daftari la bosi likifungwa ndipo mambo huanza. "Acha kesi. Nieleze mti."

Mlinzi alimtazama kama anayepima kama anataniwa. "Mti wenyewe?"

"Wenyewe."

Basi akaueleza. Kila mwanzo wa mwaka aliuzungushia kamba na kupiga fundo. Kamba ilikuwa na mafundo tisa, ilikuwa mfukoni mwake walipomkamata, sasa iko kwenye bahasha ya vitu vyake pale kaunta. Mara ya mwisho ilifika mita tano na shubiri. "Watu wanautaka kwa kila kitu. Milango, madirisha, ngazi, mashua, mabenchi ya shule. Mchwa hawautaki na maji hauyaogopi. Ungekuwa mbaya kidogo ungekuwepo mpaka leo." Alisita. "Na ulikuwa na jiwe."

"Jiwe gani?"

"Ubavuni, juu kidogo ya kichwa changu. Kabla sijaanza kazi, mtu aliutia shoka akashindwa. Mvule ukiumia, afande, kuna wakati unajijazia jiwe kwenye kidonda. Jiwe kabisa, jeupe, gumu kama la barabarani. Kisha mbao inafunika, gome linafunika, hujui tena. Mimi nilijua kwa kugonga. Ukigonga pale, unasikia mlio mwingine." Akainua macho. "Aliyeupasua ule mti alikutana nalo. Na msumeno wake ulijuta."

"Siku zote hizo hukusema?"

"Nani kaniuliza habari za mti? Wote wananiuliza nyundo, nyundo, nyundo."

Inspekta alisimama. Kwa Kobe, alisimama haraka.

* * *

Gogo la mita tano mzunguko haliingii kila mahali. Katika viwanda vitatu vya mbao ambavyo lori lingeweza kufika kwa siku moja, viwili vilikuwa na misumeno midogo ya kukatia nguzo na fito. Kikabaki kimoja.

Mwenye kiwanda alikuwa na penseli sikioni na tabasamu lililokuwa tayari tangu geti.

"Mvule? Hapa?" Alipanua mikono. "Afande, hapa ni misonobari na mikaratusi. Mvule sijaupasua mwaka mzima. Karibuni mzunguke, kiwanda ni chenu."

Wakazunguka. Inspekta alitembea kwa mwendo wake, akisoma kila rundo la mbao kama gazeti. Koplo alipita katikati ya vumbi la msonobari lililomfika kwenye vifundo vya miguu, na hakuwa na shida yoyote. Jambo hilo lilikuwa na maana yake. Koplo alilelewa kwenye karakana ya mjomba wake, fundi seremala, na angekuwa fundi seremala hadi leo kama si mvule. Msonobari haukumfanya kitu. Mkaratusi haukumfanya kitu. Lakini randa ikipita juu ya mvule tu, macho yanavimba, pua inafunguka, ngozi inamwasha mpaka masikioni. Mjomba alivumilia mwaka mmoja, kisha akamwambia mwanangu, nenda ukavae magwanda.

Chini ya msumeno mkubwa palikuwa na shimo la kupokea vumbi, limefunikwa kwa mbao nzito.

"Tufungulie hapa," Inspekta alisema.

"Ni panya tu humo."

"Tuwasalimie."

Koplo akashuka na koleo. Vumbi la juu lilikuwa jeupe. Alichimba mara moja, mara mbili, mara tatu, na mara ya nne koleo likatoka na tabaka la njano, zito, lililoshikamana kwa unyevu. Koplo alilitazama kwa wasiwasi wa mtu anayekutana na mdai wake wa zamani. Kisha akapiga chafya. Akapiga nyingine. Alipiga saba mfululizo, na alipopanda juu machozi yalikuwa yakimtiririka kama aliyefiwa.

"Mafua hayo," mwenye kiwanda alisema. Tabasamu lilikuwepo bado, ila macho yalishaondoka.

"Chafya haiandikwi kwenye faili," Inspekta alikubali. Alichota vumbi lile kwenye bahasha, akaibandika, akaandika saa na mahali. "Lakini inanionyesha pa kusimama. Nani ananoa misumeno yako?"

Mnoaji alikuwa na kibanda chake nyuma, na wenzake walimwita Daktari wa Meno. Alikuwa mtu mzima wa miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa akipiga tupa bila kuinua kichwa, jino moja baada ya jingine. Inspekta alimwamkia, akaketi juu ya kigogo bila kuambiwa. Habari za mvule hakuzigusa.

"Mzee wangu, mwaka huu ni msumeno gani umekutesa kuliko yote?"

Tupa ikasimama. "Umekuja kuuliza kweli, mama, au unapita tu?"

"Nimekaa."

Mnoaji akamtazama, akaona kweli amekaa. Akanyanyuka na kunyoosha kidole ukutani, kulikokuwa na msumeno wa mkanda ulioning'inizwa peke yake. Upande mmoja meno yalikuwa yamesagika, mengine hayapo kabisa. "Ishirini na mawili. Nimeyahesabu mimi mwenyewe. Miezi mitatu sasa. Jumapili mimi sifanyi kazi, na hawa watu wakaenda kupasua Jumapili, bila mimi! Jumatatu naingia, namkuta mgonjwa huyu ananisubiri. Nauliza kulikoni. Wananiambia ati msumari. Msumari! Mimi niambiwe msumari!" Alivua miwani kwa hasira. "Msumari unang'oa meno mawili, matatu. Huu umesaga kitu kigumu, ukaendelea kusaga, na mjinga mmoja akaendelea kuusukuma."

"Ukafanyaje?"

"Nikashuka shimoni kutafuta."

Kutoka rafu ya juu alishusha kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na mawe sita au saba, kila moja limefungwa kwa uzi na kikaratasi chenye tarehe. "Ninayaweka. Mnoaji yeyote mwenye akili anayaweka. Msumeno ukivunjika, wa kwanza kulaumiwa ni mimi, kwamba sikunoa sawasawa. Basi ninakwenda kwa bosi na kumwekea jiwe mezani. Hata hili," akachomoa moja, "nilimwekea. Akanirudishia akaniambia, mzee, hili lisahau."

"Ukalisahau?"

"Nililiandika tarehe nikalisahau."

Lilikuwa na ukubwa wa yai la bata, jeupe lenye ukijivu. Mfereji wa msumeno ulilizunguka upande mmoja, umenyooka kama uliopigwa rula. Kwenye upande mwingine patasi ilikuwa imelibandua, na uzi wa mbao ulikuwa bado umeng'ang'ania, wa njano, maana kopo lilikuwa halipitishi mwanga. Inspekta alilishika muda mrefu. Siku sita za mtu zilikuwa humo, na miaka saba yake. Mnoaji alitia saini ya makabidhiano kwa mwandiko mzuri kuliko wa Koplo.

Mwenye kiwanda alipoliona jiwe mkononi mwa Inspekta, aliketi juu ya rundo la mbao na penseli ikamdondoka sikioni.

"Gogo lililetwa na karatasi," alisema. "Na alama lilikuwa nayo. Mimi nitajuaje?"

"Lililetwa na nani?"

"Afande, leseni yangu inasainiwa na mtu mmoja tu. Nikikosa saini yake, watu thelathini hapa hawana kazi." Akaiokota penseli. "Jina sijataja."

"Hujataja. Mbao zilikwenda wapi?"

"Mbali. Lori lilizichukua jioni ile ile."

"Zote?"

Aliipachika penseli tena sikioni. "Ulibaki mmoja, wenye tundu la hilo jiwe. Mnunuzi aliukataa. Mwenye gogo akasema basi atauchukua yeye, ni mpana, hauhitaji kiungo. Nikamwambia ni mbichi, autulize angalau mwaka. Hakutaka kusikia."

* * *

Saa tisa na nusu alasiri, Inspekta akiwa na hati ya upekuzi iliyosainiwa njiani, mkuu wa kituo cha misitu aliwapokea tena kwa chai. Alikuwa mtu mrefu, nadhifu, mwenye nywele za mvi zilizochanwa vizuri. Karatasi zilipangwa mbele yake kwa mstari. Kwenye kona ya kushoto ya meza lilikaa sanduku la mbao la kuwekea mafaili.

"Kitanda mmekichukua?"

"Bado, mkuu. Kwanza nina swali la meza."

"Meza?"

"Ulisema ina miaka mingapi?"

"Thelathini na zaidi. Nilikwambia, ni ya baba mkwe."

Inspekta alilaza kalamu yake karibu na ukingo na kuiachia. Ikabingirika yenyewe taratibu mpaka katikati ya meza, ikatulia. Wote watatu waliitazama ikienda.

"Imejikunja," Inspekta alisema. "Mimi si mtaalamu, mtaalamu ni wewe. Mbao ya miaka thelathini huwa bado inajikunja?"

"Unyevu wa ofisi hii..."

"Naomba nisogeze hili sanduku."

Hakungoja ruhusa. Chini ya sanduku palikuwa na mraba wa njano, njano ya ndizi mbivu, wenye pembe nne kamili. Kuuzunguka, meza yote ilikuwa imeshaanza kuwa kahawia.

Mkuu aliutazama ule mraba. Alikuwa na shahada ya misitu iliyotundikwa ukutani nyuma yake, na hakuna aliyehitaji kumweleza kitu. "Fundi aliipaka vanishi upya juzi juzi," alisema hatimaye.

"Akazunguka sanduku?"

Inspekta aliiweka hati mbele yake, akamsubiri aisome mpaka mwisho. Kisha wakaondoa vikombe, karatasi na simu ya mezani wakavipanga sakafuni, na yeye na Koplo wakailaza meza kwa ubavu.

Juu ilikuwa imelainishwa kwa msasa mpaka inateleza. Chini fundi hakuhangaika, maana nani hutazama chini ya meza ya mkubwa? Meno ya msumeno yalikuwa bado yamejichora pale, mistari myembamba inayofuatana, mpaka mahali ambapo magoti ya mkuu hukaa. Hapo palikuwa na tundu. Baada ya tundu, mistari ilichanganyikiwa ikawa mikwaruzo mirefu ya msumeno uliokwisha kung'oka meno.

Inspekta alitoa jiwe kwenye bahasha. Aliligeuza mara moja, mara mbili, akitafuta upande. Likaingia. Lilizama mpaka kwenye ule mfereji wa msumeno na kugoma hapo hapo, mfereji ukiwa sawasawa na uso wa ubao, na ule uzi wa mbao ukilala kwenye mwanya wake. Aliondoa mkono. Jiwe lilibaki lilipo.

Koplo, aliyekuwa ameinamia pale pale, alipiga chafya. "Hii niiandike, afande?"

"Hiyo hapana. Piga picha."

Mkuu alikuwa ameketi kwenye kiti chake bila meza mbele, magoti wazi, na alionekana kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. "Ni ubao mmoja tu," alisema.

"Ni mmoja tu. Ungeuacha uondoke na wenzake, mimi nisingekuwa hapa."

"Hukuuona ulipotoka kwenye msumeno, Inspekta." Sauti yake ilikuwa tulivu, karibu ya upole. "Miaka ishirini na sita nasaini mbao zinazopita kwenda kwa watu wengine. Sijawahi kuona upana ule. Nilitaka mmoja wa kwangu."

"Ukatafuta na mtu wa kufungwa jela badala yako." Inspekta hakupandisha sauti, ila hasira ilikuwemo na hakujaribu kuificha. "Miaka saba, mkuu. Na mkewe umempa mpaka Jumamosi. Nyundo?"

Mkuu alitoa funguo mfukoni na kuziweka mahali ilipokuwa meza. Zikaanguka sakafuni. Koplo akaziokota.

"Alikuwa likizo," mkuu alisema. "Ilikuwa kwenye kabati."

"Naomba usimame."

* * *

Simu ya mezani ilikuwa sakafuni kati ya vikombe, na Inspekta aliichuchumalia kwa shida, magoti yakilia. Ililia muda kabla haijapokelewa.

"Kitanda umeshakifungua?" aliuliza.

"Dada, si nilikwambia? Kinataka watu wawili. Jirani ameahidi kuja kesho anisaidie."

"Mwambie jirani asije."

Kupitia dirishani Inspekta alimwona Koplo akimfungulia mkuu mlango wa gari.

"Mwenzio anatoka leo," alisema. "Kuna karatasi chache za kusaini, na kamba yake ya mafundo aihesabu mwenyewe. Saa kumi na mbili atakuwa hapo mlangoni."

Inspekta alimsikia mwanamke akivuta pumzi, akiishikilia, akiivuta tena. Alimwacha. Haraka ya nini.

"Huko amekula?" sauti ya chini iliuliza mwishowe.

"Ndivyo alivyoniuliza na yeye, habari zako."

Simu haikukatwa, iliwekwa tu kando. Kisha ukasikika mlio wa bati, na mwingine, sufuria zikitolewa ndani ya ndoo.